Finokio jikoni kwa Mpwani: mbichi, ya kukaanga na ya tui

Finokio, mboga ya kichwa kinene cheupe, ina namna mbili tu za kuliwa ikakupa raha: mbichi kabisa, iliyokatwa nyembamba hata ukiinua kipande unaona mwanga, au iliyopikwa mpaka kisu kinaingia bila kusukumwa. Hapo katikati, ikiwa imeiva nusu, inabaki na nyuzi, inatoa maji, na harufu yake inapanda puani kama dawa ya kikohozi. Majirani zangu hapa Shela ya Malindi wanaosema hawaipendi, wengi walikutana nayo hapo katikati, kwenye mchuzi uliopikwa mbiombio. Shika hilo kwanza, mengine ni rahisi.

Malindi hupati tabu kuiona. Waitaliano walianza kuzoea mji huu miaka ya 1960, wakati kituo chao cha kurushia setilaiti, San Marco, kilipojengwa baharini kule Ngomeni. Mwaka 1967 kikarusha setilaiti yake ya kwanza. Walikuja wa kazi, wakafuata wa likizo, wengine wakajenga wakakaa, na maduka ya mboga yakajifunza kuweka wanachokula. Mimi niliijua kwa kupika katika nyumba zao, hasa kwa bibi mmoja mtu mzima wa Sicilia ambaye hakuruhusu mtu atupe hata jani lake moja. Kinachonisikitisha ni kuona mpaka leo watu wetu wanaipita pale dukani, mkono unakwenda kwenye kabichi, kwa kudhani ni chakula cha wageni. Mmea wenyewe ni ule ule wa shamari, zile mbegu tunazotafuna baada ya biriani. Tofauti ni kwamba aina hii imekuzwa kwa ajili ya kichwa chake kinene. Ni jamaa ya karoti na dania. Na hakuna mboga ninayoijua inayokubaliana na samaki, ndimu na nazi kuliko hii. Vitu hivyo vitatu ndivyo tulivyo navyo.

Kuichagua

Finokio inapenda baridi. Kwenye joto hukimbilia kutoa maua badala ya kunenepa kichwa, ndiyo maana ya kwetu inatoka bara, na ikifika hapa imeshasafiri. Kwa hiyo iangalie vizuri. Chukua kichwa cheupe, kizito mkononi, kigumu ukikibonyeza, kisicho na madoa ya kahawia wala nyufa. Kile cha mviringo, kilichojaa, ndicho kitamu. Kile kirefu kilichobapa, kama kimeanza kuchomoza bua katikati, kiko njiani kwenda kutoa maua na nyuzi zake zitakusumbua. Hicho kipeleke kwenye supu tu. Kwa kula mbichi tafuta vichwa vidogo.

Majani ndiyo yanayosema ukweli. Yakiwa kijani kibichi na yamesimama, mboga ina uhai bado. Wauzaji wengi huyakata yakishanyauka, na ndiyo maana mimi huwa na shaka na kichwa kinachouzwa bila hata jani moja. Kijana ninayenunua kwake alikuwa ananiuliza, "Mama, nikukatie haya majani nitupe?" Nikamwambia, "Wacha hapo hapo mwanangu, hayo ndiyo nimeyafuata." Siku hizi ananiwekea na ya wateja wengine.

Ukifika nyumbani tenganisha mara moja, maana mabua na majani yakibaki yanaendelea kunyonya maji ya kichwa. Kata mabua pale yanapoota. Kichwa kifunge kwa kitambaa kibichi, kitie kwenye mfuko, weka friji; siku tatu nne kinakaa vizuri. Asiye na friji aipike siku hiyo hiyo au kesho yake, kwa joto letu. Majani yaweke kwenye gilasi ya maji kama unavyoweka dania.

Kuikata

Osha kwanza kwa nje, kisha ukikipasua osha tena, kwa sababu mchanga hujificha baina ya tabaka. Tabaka la nje likiwa gumu au limechubuka, livue, usilitupe. Tia kwenye chupa au mfuko wa vitu vya supu. Kama ni gumu kidogo tu, lipare kwa kisu kama unavyopara karoti, nyuzi zitatoka.

Pasua kichwa kutoka juu hadi chini. Utaona kiini kigumu cha pembe tatu pale kwenye shina. Kwa ya kula mbichi, kiini hicho kitoe, kisha kata upana wake kwa kisu kikali, nyembamba kadiri uwezavyo. Kwa ya kupika, kiini kiache, kwa sababu ndicho kinachoshika tabaka pamoja. Kata vipande kufuata urefu, kila kipande kibaki na kijipande cha kiini chini yake. Ukikitoa, sufuria itajaa vipande vilivyosambaratika na hutaweza kuvigeuza.

Pale ilipokatwa hubadilika rangi ikikaa. Kama hupiki papo hapo, itie kwenye bakuli la maji yenye ndimu.

Ya mbichi

Hii ni kachumbari, na ichukulie hivyo. Kichwa kimoja kikubwa au viwili vidogo kwa watu wanne. Ukishaikata nyembamba, ilowe kwenye maji baridi sana, yenye barafu ukiwa nayo, kama robo saa. Inajikunja na kukakamaa, ikifika mdomoni inavunjika. Ichuje, ikaushe kwa kitambaa safi. Usipoikausha, ndimu na mafuta havitashika.

Wasicilia huila na machungwa. Menya machungwa mawili kwa kisu, utoe na ile ngozi nyeupe yote maana ina uchungu, uyakate duara. Panga kwenye sahani, mwaga finokio juu yake, kitunguu maji kidogo kilichokatwa nyembamba na kufuliwa kwa chumvi, zeituni nyeusi ukizipata, pilipili manga, mafuta ya zeituni vijiko viwili. Chumvi na ndimu tia watu wakishakaa. Chumvi huvuta maji, na ukiitia mapema utapeleka mezani bakuli la maji ya machungwa.

Nyumbani kwangu mara nyingi naweka embe badala ya chungwa, lile linaloanza kuiva, bado lina ukakasi, pamoja na pilipili mbuzi iliyotolewa mbegu na majani ya finokio yaliyokatwa. Hiyo ndiyo inayotoka na pilau Ijumaa. Kwenye biriani pia inafaa, kwa sababu inakata mafuta. Sijapenda kuitia tungule kwenye hii ya mbichi. Zinatoa maji na zinaifunika ladha.

Ya kukaanga na kufunikwa

Anayeogopa ile harufu aanzie hapa. Harufu ya finokio ni ya mafuta yale yale yaliyo kwenye mbegu, na moto huyapunguza. Wakati huo huo sukari iliyomo ndani ya mboga inapata rangi. Kinachobaki ni utamu laini.

Vichwa viwili, kila kimoja vipande sita au vinane. Kikaango kipana, mafuta vijiko vitatu au samli vijiko viwili, moto wa wastani. Ukitumia jiko la makaa, ngoja makaa yatulie. Panga vipande kwa ubavu uliokatwa, visipandiane, nyunyiza chumvi, na usiviguse. Dakika tano sita. Utasikia sauti inabadilika, ule mlio wa maji unaisha na unaanza mlio mkavu wa mafuta. Inua kimoja uangalie. Rangi unayoitaka ni ya kahawia kama mahamri yaliyokolea, siyo manjano. Watu wengi hugeuza mapema. Geuza, upande wa pili vile vile. Kisha tia punje tatu za kitunguu thomu zilizopondwa, maji nusu kikombe, funika, punguza moto. Baada ya dakika 15 hadi 20 choma kisu kwenye kiini. Kikipita, funua, acha maji yaishe yabaki mafuta, kamulia ndimu.

Ndimu mwisho, na hapa sitoi nafasi ya mjadala. Kitu chochote kikali, iwe ndimu, ukwaju, siki au tungule, huzuia mboga kulainika. Ukikitia mwanzo unaweza kupika saa nzima na finokio bado ikakuvunjikia menoni. Laini kwanza, ukali baadaye.

Hii inaliwa na chapati, na mkate wa mofa, na mbaazi za nazi. Msimu wa kusi, bahari ikichafuka na samaki wakiadimika, mimi huipasulia mayai juu yake, nafunika mpaka yashike, na hicho ni chakula cha usiku.

Samaki wa tui na finokio

Sasa tufike kwenye hasa nililotaka kuandika. Hii haiko Italia. Ni mchuzi wetu wa samaki wa nazi, finokio imekaa mahali pa bamia au biringani, na ndiyo inayofanya mchuzi uwe na utamu ambao mgeni hataujua umetoka wapi.

Kwa watu watano sita: samaki kilo moja na nusu, kolekole au changu au vipande vya nguru. Finokio vichwa viwili vya kadiri. Nazi mbili. Vitunguu maji viwili, kitunguu thomu punje nne, tangawizi ukubwa wa kidole gumba, tungule mbili, pilipili mbuzi moja nzima, manjano kijiko cha chai kisichojaa, ndimu mbili, chumvi. Shamari kavu nusu kijiko cha chai, iliyokaangwa bila mafuta ikanukia kisha ikatwangwa.

Samaki mpake chumvi, nusu ya yale manjano na ndimu moja, akae wakati unakuna nazi. Kamua tui la kwanza kwa maji kidogo ya vuguvugu, upate kama kikombe kimoja na nusu cha tui zito, liweke kando. Kamua la pili na la tatu, upate vikombe vitatu vya tui jepesi. Anayetumia la pakiti achanganye sehemu yake moja na maji mawili kwa lile jepesi, na lililobaki liwe ndilo zito.

Mkaange samaki juu juu kwenye mafuta moto, apate ngozi tu, ndani asiive. Mtoe. Kwenye mafuta hayo hayo, ukimimina yaliyozidi, tia vitunguu na vipande vya finokio vilivyokatwa unene wa kidole. Usiharakishe: dakika kumi, unageuza mara moja moja, mpaka kingo zishike rangi. Ukiruka hapa na kutia tui juu ya finokio mbichi, mchuzi utakuwa mwepesi na ladha itakaa pembeni, haitaingia. Tia thomu na tangawizi vilivyotwangwa, manjano yaliyobaki, shamari, koroga mpaka vinukie.

Mimina tui jepesi, tia pilipili mbuzi nzima bila kuipasua, funika. Acha lichemke polepole dakika 20. Onja kipande cha finokio. Kama kinakubali kusagwa kwa ulimi na kaakaa, sasa ndiyo utie tungule zilizokatwa, dakika nyingine tano au saba. Kama bado, subiri, tungule zisiingie.

Rudisha samaki, dakika tano, kisha tui zito. Kuanzia hapo usiondoke jikoni. Teka mchuzi kwa upawa na kuumimina tena juu, polepole, ili tui lisikatike, mpaka lianze kutokota pembeni. Likitokota tu, epua. Kamulia ndimu ya pili sufuria ikiwa chini, nyunyiza majani ya finokio yaliyokatwa vidogo, mkono mzima, usifanye uchoyo. Onja chumvi sasa, siyo kabla, kwa kuwa samaki ameshaachia ya kwake.

Wali mweupe ndio wa kuliwa nao. Wali wa nazi juu ya mchuzi wa nazi ni mzito, ingawa najua wapo wataoniambia nimekosea. Mama mkwe wangu, ambaye hagusi ile kachumbari, huniagiza kabisa: "Mwanangu, mbichi wape wenye meno. Mimi niwekee ya tui, na mchuzi uwe mwingi."

Kwa pweza au ngisi njia ni hiyo hiyo, ila pweza achemshwe peke yake kwanza mpaka alainike. Kamba wao waingie dakika tatu za mwisho.

Mabua, majani na makaa

Mabua ni magumu kula lakini ni mazuri ya kulalia samaki. Ukiwa na changu mzima au tafi wa kuchoma, mtie chumvi, thomu na pilipili, tumbo lijaze majani ya finokio na vipande vya ndimu. Panga mabua juu ya wavu, mlaze samaki juu yake. Mabua yanaungua pole pole, moshi wake unaingia nyamani, na ngozi haigandi kwenye wavu. Mabua mengine machache yakaushe jua siku mbili, uyatupie moja kwa moja kwenye makaa samaki akikaribia kuiva.

Mabua yaliyobaki, na yale maganda ya nje, chemsha pamoja na kichwa na mifupa ya samaki, kitunguu na pilipili manga, nusu saa, chuja. Hiyo ndiyo supu ya kupikia wali, au ya kunywa na ndimu. Ukitaka supu nzito, pika finokio moja na viazi viwili ndani yake, saga, malizia na tui kidogo.

Majani yanakwenda popote dania inapokwenda: kwenye katlesi za samaki, kwenye mayai, juu ya viazi vya karai. Yatie mwisho.

Tambi za Palermo kwa korosho za Kilifi

Yule bibi wa Sicilia alikuwa na chakula kimoja cha kwao, cha tambi na dagaa. Kwao hutumia finokio ya porini, ambayo ni majani matupu bila kichwa, pamoja na zabibu, mbegu za msonobari, zafarani na chenga za mkate zilizokaangwa. Sisi mbegu za msonobari hatuna, lakini tuna korosho, na nasema bila kusita kwamba korosho ni tamu zaidi.

Chemsha majani yote ya vichwa viwili au vitatu kwenye maji ya chumvi, dakika kumi, yatoe uyakate. Maji hayo usiyamwage, yapikie tambi. Kwenye mafuta ya zeituni kaanga kitunguu kimoja pamoja na nusu kichwa cha finokio kilichokatwa kidogo kidogo mpaka vyote vilainike kabisa, tia zabibu kavu mkono mmoja, korosho zilizovunjwa mkono mmoja, zafarani iliyolowekwa kwenye kijiko cha maji moto, kisha dagaa wabichi nusu kilo waliotolewa vichwa na miiba ya katikati. Dagaa wanaiva mara moja na kuvunjika. Hivyo ndivyo itakiwavyo. Changanya na yale majani na tambi, na maji yake kidogo ili ilainike. Mkate wa jana usage kwa mkono, uukaange kwenye mafuta mpaka uwe mkavu wa rangi ya dhahabu, nyunyiza juu. Jibini usitie. Alikuwa akikasirika mtu akiomba jibini kwenye tambi za samaki, na kwa ladha hii naona alikuwa na haki.

Jibini liweke kwa ile ya tanuri: vipande vilivyochemshwa kwa chumvi dakika 15 na kuchujwa vizuri, siagi, chumvi kidogo, jibini gumu la kuparuza, moto wa digrii 200 mpaka juu pawe na rangi. Ni rahisi, watoto wanaipenda, na asiye na tanuri aweke sinia yenye makaa juu ya mfuniko kama anavyopika mkate wa sinia.

Na usisahau mbegu. Shamari kavu, pilipili manga na chumvi ya mawe, vyote vimekaangwa bila mafuta na kutwangwa pamoja, vikae kwenye chupa karibu na jiko. Mpake samaki poda hiyo kabla ya kumkaanga, au nyunyizia ile finokio ya kukaanga siku ambayo vichwa ulivyopata dukani vimechoka na harufu yake imepungua.